Jicho Limeona, Ulimi Umeongeza: Habari za Sahani Zirukazo

Ukisimama Kanyangi usiku usio na mwezi utaona mbingu ambayo sisi watu wa miji ya pwani tumekwisha isahau. Kanyangi iko Kitui, upande wa Mto Athi, na ng'ambo ya mto huo ni Makueni. Taa za umeme ni chache, hewa ni kavu, na nyota hushuka mpaka kwenye vichaka. Mtu anayerejea kwake usiku ana mbingu nzima juu ya kichwa chake, na katika mbingu hiyo siku hizi hupita mambo mengi kuliko yaliyopita zama za babu yake. Basi si ajabu kusikia kutoka Ukambani, kama kutoka kwingineko, kwamba mwangaza umeonekana ukitembea, au mlio umesikika, au chuma kimeshuka kutoka juu.

Habari kama hizi zikitufikia Mombasa, Malindi au Lamu, huwa zimekwisha vaa nguo. Mwangaza umekuwa sahani, sahani imekuwa na madirisha, na madirishani wamesimama watu wafupi wenye macho makubwa. Nasi barazani hugawanyika makundi mawili. Kundi moja huapa kwamba hao ni watu wa sayari nyingine, ama ni majini waliobadili vipando. Kundi la pili hucheka na kusema kwamba aliyeona alikuwa mlevi, au ni mshamba asiyejua kitu, au ni mwongo tu. Nataka kueleza leo, ndugu msomaji, kwamba makundi yote mawili yamekosea, na kwamba kosa lao ni moja. Hawakutenga kile ambacho jicho liliona na jina ambalo ulimi umelipa.

PETE YA MUKUKU

Tuanze na jambo ambalo halina ubishi. Desemba 30, 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, wakazi wa kijiji cha Mukuku, Makueni, walisikia mshindo mkubwa. Walipotoka kutazama walikuta pete kubwa ya chuma imeanguka kichakani. Kipenyo chake kilikuwa mita 2.5 na uzito wake kiasi cha kilo 500. Ilikuwa ya moto, na watu walilazimika kungoja ipoe kabla ya kuikaribia. Polisi walifika, na baadaye maofisa wa Shirika la Anga za Juu la Kenya wakaichukua kwenda kuichunguza.

Hebu fikiri, msomaji, kama ungalikuwa wewe. Umekaa kwako mchana kweupe, hakuna ndege, hakuna mvua, mara mbingu inanguruma na duara la chuma linatua mbele yako likiwa jekundu kwa moto. Duara! Anayetafuta sahani irukayo hatapata inayofanana zaidi na hiyo. Ilitoka mbinguni kweli, ilikuwa ya mviringo kweli, na ilikuwa ya chuma kweli. Mtu wa Mukuku aliyesimulia hayo hakuongeza hata neno moja.

Januari 1, 2025, Shirika la Anga za Juu likatoa maelezo ya awali: ile ni pete ya kutenganisha vipande vya roketi. Roketi hairuki nzima mpaka mwisho wa safari. Imeundwa kwa vipande vilivyopandana, na kila kipande kikimaliza mafuta yake huachwa ili kilichobaki kiwe chepesi. Pete ndiyo inayokishika kipande kimoja na chenzake mpaka saa ya kuachana. Mabaki hayo hutarajiwa kuungua yakirudi katika hewa, au kuanguka mahali pasipo na watu, kama baharini. Pete hii haikuungua ikaisha, wala haikuanguka baharini. Ilianguka Mukuku.

Na kwa nini kwetu? Hapa pana jambo ambalo watu wachache hulijua. Kitu kinachozunguka dunia hakiendi popote kitakapo. Kina njia yake, kama jahazi lilivyo na upepo wake. Setilaiti nyingi za televisheni na simu hukaa juu ya Ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi, na roketi nyingi zinazozipeleka huko huacha mabaki yao katika njia zisizokwenda mbali na Ikweta. Mabaki ya namna hiyo hayawezi kuanguka London wala Moscow. Yakishuka, yatashuka katika ukanda wetu: Brazil, Kongo, Kenya, Indonesia, ama bahari zilizomo baina yake. Kanyangi na Mukuku ziko chini ya nyuzi mbili kusini ya Ikweta. Hazina kiwanja cha roketi, lakini zimo njiani.

JINA LILIVYOZALIWA

Sasa tutazame jina lenyewe, "sahani irukayo", lilitoka wapi. Juni 24, 1947, Mmarekani mmoja, Kenneth Arnold, alikuwa akiendesha ndege yake ndogo karibu na mlima Rainier, katika jimbo la Washington. Akaona vitu tisa vinavyong'aa vikipita kwa kasi kubwa. Alipoulizwa na waandishi wa habari, alieleza kwamba mwendo wake ulikuwa wa kurukaruka, mfano wa sahani iliyotupwa juu ya maji. Watoto wetu hucheza hivyo hivyo ufukoni kwa vigae bapa. Yeye alisema habari ya mwendo, lakini magazeti yakaandika habari ya umbo. Kesho yake dunia ikasoma kwamba Arnold ameona "sahani zinazoruka", na tangu siku ile kila aonaye taa asiyoijua angani huona sahani.

Tazama jambo hilo kwa makini. Jicho la Arnold halikuona sahani. Sahani iliingia baadaye, kwa kalamu ya mtu mwingine, na ikakaa mahali pa kile alichokiona.

Mwezi uliofuata, Julai 1947, mfugaji mmoja wa upande wa Roswell, huko New Mexico, alitoa habari za vipande vya vitu vigeni alivyovikuta katika shamba la mifugo. Jeshi likatangaza kwanza kwamba limepata sahani, kisha likageuka na kusema ni puto la hali ya hewa. Watu hawakuamini, na kwa upande mmoja walikuwa na haki ya kutoamini. Mwaka 1994 Jeshi la Anga la Marekani lilieleza kwamba mabaki yale yalikuwa ya mpango wa siri, wa kurusha maputo yenye vyombo vya kusikiliza kutoka mbali kama Urusi inajaribu mabomu ya atomiki. Palikuwa na siri, naam, lakini ilikuwa siri ya binadamu dhidi ya binadamu.

Jeshi hilo lilikusanya ripoti 12,618 za vitu vya ajabu angani mpaka lilipofunga daftari lake mwaka 1969. Zilizobaki bila kutambuliwa zilikuwa 701, yaani hazifiki sita katika kila mia. Nyingine zote zilikuwa na wenyewe: nyota, ndege, maputo, mawingu, na mara chache watu wenye mzaha. Na hizo 701 si ushahidi wa wageni. Maiti isiyo na jina katika chumba cha maiti si maiti ya malaika. Ni maiti ambayo ndugu zake hawajajulikana.

NDEGE YA MOMBASA

Sisi nasi tunayo hadithi yetu ya zamani, na imepita njia ambayo wasomaji wengi wa ukurasa huu wameipita. Februari 19, 1951, ndege ya shirika la East African Airways iliondoka Nairobi asubuhi kuja Mombasa. Mwendo wa saa moja na dakika 20, rubani na afisa wake wa redio waliona kitu king'aacho kimesimama juu ya Kilimanjaro. Kilifanana na risasi, chenye rangi ya fedha, na abiria nao walikitazama. Kilikaa kwa muda, kisha kikatoweka. Habari hiyo ilichapishwa Nairobi na kuenea ulimwenguni.

Mimi sikuwamo ndegeni, na sina haki ya kumwita rubani mwongo. Lakini kabla hatujampa kitu hicho nauli ya kutoka sayari nyingine, na tuulize ni nini hukaa juu ya Kilimanjaro saa moja asubuhi. Upepo ukiupiga mlima mrefu hupanda, hupoa, na hufanya wingu laini lenye umbo la dengu au la sahani. Wingu hilo husimama mahali pamoja ijapokuwa upepo unapita ndani yake kwa kasi, kama vile wimbi linavyosimama juu ya mwamba mtoni huku maji yakienda zake. Saa hiyo jua liko chini upande wa mashariki, na kilichoko juu hung'aa kama fedha. Upepo ukibadilika, wingu huyeyuka kwa dakika chache. Tena barafu ya kilele na hewa ya tabaka mbalimbali huweza kupinda mwanga na kuonyesha kitu mahali kisipo, kama tuonavyo maji ya uongo barabarani adhuhuri. Anayetaka kusema ni chombo lazima kwanza aondoe hayo.

WASHUKIWA WA KILA SIKU

Polisi akifika palipoibwa huanza na wezi anaowajua. Mbingu nayo ina washukiwa wake.

Wa kwanza ni Zuhura, nyota ya alfajiri na ya magharibi. Baada ya jua na mwezi hakuna kinachong'aa kuipita. Kwetu karibu na Ikweta giza huingia upesi, na Zuhura huonekana ghafla kama taa iliyowashwa. Ukiwa garini hukufuata, kwa sababu iko mbali mno na miti ya kando ya njia ndiyo inayokimbia. Ukisimama na kuikazia macho gizani, utaiona kama inatikisika na kusogea, maana jicho lisilo na kitu cha kulinganisha hudanganyika. Dawa yake ni rahisi. Ilinganishe na ncha ya mnazi au pembe ya paa, kaa kimya robo saa, na utaiona ikishuka polepole pamoja na nyota nyingine.

Wa pili ni setilaiti. Tangu Mei 2019 kampuni ya Marekani ya SpaceX hurusha setilaiti zake za Starlink kwa makundi, na kundi la kwanza lilikuwa na 60. Siku chache za mwanzo huenda kwa mstari mmoja kama shanga katika uzi, au kama behewa za gari la moshi lisilo na reli. Huonekana saa moja au mbili baada ya magharibi na kabla ya alfajiri, kwa sababu huku chini ni usiku lakini huko juu jua bado linazimulika. Zikiingia katika kivuli cha dunia huzimika moja moja, na aliye chini husema zimeingia katika lango.

Wa tatu ni puto. Kuanzia Julai 2020 mpaka mapema 2021, kampuni ya Loon, iliyokuwa ya wenye Google, ilishirikiana na Telkom Kenya kuelea maputo makubwa yenye mitambo ya intaneti juu ya sehemu za Kenya, kiasi cha kilomita 20 kutoka ardhini. Huko juu puto humulikwa na jua hata wakati sisi tumekwisha adhiniwa magharibi. Kwa aliyesimama bondeni ni kitu cheupe kisicho na sauti, kimesimama, kisha kikaondoka kwa upepo ambao yeye hausikii. Mtu wa namna hiyo akisema ameona chombo kilichotengenezwa na akili, amesema kweli. Kilitengenezwa. Kwa plastiki.

Wa nne ni kimondo. Julai 16, 2011, mawe yaliangukia karibu na Thika kwa mshindo, na wanasayansi wakayatambua kuwa yametoka angani. Kule Mbozi, Tanzania, lipo jiwe la chuma la kiasi cha tani 16. Kimondo huwaka kwa sekunde chache na kwisha. Roketi inayorudi huwaka kwa dakika nzima au zaidi, ikikatikakatika na kuburura mikia ya moto polepole. Basi mwenye kuona mwanga ahesabu. Saa ya mkononi hutenga viwili hivyo kuliko kelele za baraza.

Usiku wa Septemba 14, 1994, msafara wa moto ulivuka mbingu ya kusini mwa Afrika, na maelfu waliuona. Ulikuwa mwili wa roketi aina ya Zenit, iliyokuwa imepeleka setilaiti Cosmos 2290. Lakini kabla maelezo hayajafika, watu walikuwa wameanza kunong'onezana kuhusu wageni. Siku mbili baadaye, katika shule moja ya Ruwa, Zimbabwe, watoto 62 walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wa kuchezea. Roketi ya usiku haielezi kila walilosema watoto wale mchana. Lakini inaeleza walikuwa wamesikia nini majumbani mwao kabla hawajatazama vichakani, na waliokuja kuwahoji walikuwa wanatafuta nini.

MOTO WA NGOMENI

Sisi wa pwani hatupaswi kushangaa. Kaskazini ya Malindi, katika maji ya Ngomeni, Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco, na kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi zilirushwa kutoka baharini. Desemba 12, 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipaa setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Moto ulipanda kutoka majini, ukanguruma, ukaacha moshi mrefu na kutoweka mashariki.

Mvuvi wa Ngomeni hakuhitaji kuita moto ule sahani. Kwa nini? Si kwa sababu yeye alisoma falaki na mtu wa Kanyangi hakusoma. Ni kwa sababu alijua jukwaa liko pale, alijua wenyewe ni akina nani, na wengine katika mtaa wake walifanya kazi hapo. Moto ni ule ule. Unapojulikana mwenyewe huitwa roketi, na usipojulikana mwenyewe huitwa shetani.

BARIDI YA KILIMANJARO

Hata hivyo, wanaocheka wasifurahi mapema. Mei 11, 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai, aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro na kuandika kwamba ni theluji. Mwaka uliofuata, Desemba 3, 1849, mwenzake Ludwig Krapf aliuona mlima Kenya akiwa Kitui, alikokwenda kumtembelea Kivoi, yule mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba ambaye misafara yake ilifika pwani. Huko London msomi wa jiografia, Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alikataa katakata. Theluji juu ya Ikweta! Akasema macho yao yamewadanganya. Miaka ikapita, na theluji ikabaki pale pale.

Katika kisa hicho yuko mtu mmoja ambaye namwona kuwa shahidi bora kuliko wote, naye ni mwongozaji wa Rebmann. Alipoulizwa ule weupe ni nini, hakuwa na jina la theluji, kwa maana lugha yake haikuihitaji. Hakusema ni fedha, ingawa uvumi wa fedha na mashetani wa mlimani ulikuwapo. Aliuita baridi tu. Alitaja kile alichokijua na akakomea hapo. Laiti sote tungekuwa na ulimi wa mtu yule.

SHAHIDI WA MWEZI

Na kwa hakika elimu hiyo tunayo, ila tumeisahau tunapotoka katika jambo la dini. Unapokaribia mwezi wa Ramadhani au Shawwal, mtu akija mbio kusema ameuona mwezi, hatumkumbatii wala hatumfukuzi. Anaulizwa: uliuona wapi? Ulikuwa juu kiasi gani kutoka upeoni? Pembe zake zilielekea wapi? Ulikuwa na nani? Jua lilikuwa limekwisha tua? Wingu lilikuwapo? Mwenye kuona kweli hujibu. Mwenye kuona Zuhura, au moshi wa ndege uliopigwa na jua, hujikwaa katika swali la pili. Wala haitwi mwongo. Anaambiwa tu kwamba ushahidi wake hautoshi, naye hurudi kwake na heshima yake.

Kwa nini basi habari ya sahani ipite bila maswali hayo? Kufunga siku moja mapema au kuchelewa ni jambo kubwa kwetu, kwa hiyo tunauliza. Kutisha kijiji kizima nalo si jambo dogo. Sura ya Hujurat inatuagiza tuzihakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, na agizo hilo halikubagua habari za chini na za juu.

Wengine husema: lakini majini wapo, na vimondo vimetajwa kuwa ni vya kuwafukuza mashetani. Nakubali, na imani hiyo si ya kuchezewa. Lakini kuamini kwamba majini wapo si sawa na kuamini kwamba kila taa iliyopita Kitui ni jini. Anayejua kwamba wezi wapo hamkamati kila apitaye njiani.

Tukumbuke pia kisa ambacho kila aliyekaa darasani mbele ya maalim amekisikia. Mwaka wa 10 wa Hijra alifariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume alikuwa na huzuni ya mzazi, na uvumi ule ulikuwa wa kumtukuza yeye. Angeweza kunyamaza tu. Hakunyamaza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, bali ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, nao waswali. Akaiacha ishara iwe ishara, na akaukata uvumi hata ulipokuwa upande wake. Nani kati yetu ana sababu bora ya kuuacha uvumi uendelee?

MWENYE CHUMA NI NANI?

Huenda msomaji akauliza: yote haya yana faida gani? Mtu akiita roketi sahani anapungukiwa na nini? Anapungukiwa na haki yake.

Upo mkataba wa mataifa wa mwaka 1972 unaosema kwamba nchi iliyorusha chombo angani italipa madhara yatakayotokea ardhini, bila ya aliyedhurika kulazimika kuthibitisha uzembe. Januari 24, 1978, setilaiti ya Urusi ya Cosmos 954, iliyokuwa na tanuru ya nyuklia, iliangukia kaskazini ya Kanada na kumwaga takataka zenye sumu ya mnururisho. Kanada haikusema ni wageni wa mbinguni. Ilikusanya vipande, ikahesabu gharama, ikadai, na mwaka 1981 ikakubaliwa kulipwa dola milioni 3 za Kanada. Ililipwa kwa sababu ilijua jina la mwenye chuma.

Mukuku hawakuuawa watu, na tunamshukuru Mungu. Lakini wakazi walitishika, na wapo waliotaka fidia. Mara uvumi ukaenea kwamba pete ni ya India na kwamba Kenya imeidai India malipo, mpaka Shirika la Anga za Juu likatoka kukanusha. Uvumi huo nao ni sahani irukayo, ijapokuwa umevaa suti. Ulimi ulitoa jina kabla ya jicho kumaliza kazi yake, na jina la kubuni humfaidi mwenye chuma wa kweli, ambaye hujikalia kimya. Watu wa sayari nyingine hawana ubalozi Nairobi. Hawashitakiwi, hawalipi, hawaombi radhi. Kila tunapowasingizia wao, kampuni na dola zilizorusha hupumua.

Tena jambo hili litaongezeka. Setilaiti zilizoko juu sasa ni maelfu, na kila mwaka zinaongezwa nyingine. Mei 2020 mabaki ya roketi kubwa ya Uchina yalishuka upande wa Afrika Magharibi, na bomba refu la chuma likaokotwa katika kijiji cha Mahounou, Cote d'Ivoire. Kenya nayo ilipeleka setilaiti yake Taifa-1 mnamo Aprili 15, 2023, juu ya roketi ya Marekani. Nasi tumo miongoni mwa wanaotupa vitu juu, na inatupasa kuwa miongoni mwa wanaouliza vinashukia kwa nani.

Kwa hiyo, ndugu wa Kanyangi, na wewe wa Kanyangi mwenye duka au kibarua Mombasa, ukiona kitu angani tazama saa yako. Kilinganishe na mti au paa. Kumbuka kilitoka upande gani na kimeelekea wapi, kilikaa sekunde ngapi, kilikuwa na sauti au hakina. Kikianguka usikiguse wala watoto wasikichezee, kwa kuwa mabaki ya roketi huweza kuwa na mafuta yenye sumu. Wapeleke watu mbali na umwite chifu au polisi. Kisha sema ulichokiona na ukomee hapo, kama mwongozaji yule aliyesema baridi.

Na sisi wa pwani, habari hiyo ikitufikia, tusimcheke na tusimwongezee. Tumwulize kama tunavyomwuliza shahidi wa mwezi. Pete ya Mukuku ilitoka juu kweli, lakini kabla ya kutoka juu ilitoka katika karakana ya watu, na mtu fulani aliikaza misumari yake.